Haya Wifi, Nasogea

Magari yale yalikuwa yakifika yadini na harufu ya wenyewe. Ukifungua mlango wa nyuma unakutana na Uingereza nzima imefungiwa humo ndani: unyevu, manyoya ya mbwa, kikombe cha karatasi chenye kahawa iliyokauka kama lami. Moja lilikuwa la fundi bomba, na namba yake ya simu ilikuwa bado ubavuni, utadhani bomba likipasuka huku mtu atapiga simu ng'ambo. Jingine lilikuwa la muuza maua. Na karibu yote yalikuwa na kibandiko kilekile mlangoni: No tools are left in this vehicle overnight, yaani usiku humu hamna vifaa. Fundi wa rangi, ambaye kila mtu alimwita Rangi tu, alikuwa akikikwangua huku anacheka peke yake.

"Hawa Wazungu nao! Yaani mwizi anasoma kwanza ndiyo aibe?"

Kwao yalikuwa yameshahesabiwa maiti. Umri umeyakataa, sheria za moshi zimeyakataa, yakapandishwa meli kama wazee wanaopelekwa kwa ndugu wa mbali ili wasife mikononi mwa watoto. Huku yakafufuliwa. La maua likakatwa madirisha, likabeba wafanyakazi. La fundi bomba likawekwa viti, likabeba wanafunzi. Digrii alikuwa akiyatazama yakiingia getini, moja baada ya jingine.

"Gari linastaafu Ulaya linakuja kuajiriwa hapa," alisema. "Mimi nimezaliwa hapahapa, nina cheti, nina upper second, naambiwa sina experience."

"Na wewe kapande meli," Rangi alimjibu. "Uje tena umetumika, tutakuajiri."

Digrii alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini lilikuwa limebaki kwenye cheti na mdomoni mwa mama yake. Alisomea umeme. Mwenye yadi alikuwa mjomba wake, na ndiye aliyemchukua ili asiote mizizi kwenye kochi la dada yake. Kazi aliyompa ilikuwa moja: kuyanyamazisha magari.

Maana magari yale yalikuwa na midomo. Usipofunga mkanda yanalia. Ukiacha mlango wazi yanalia. Na mengine, ukiingiza gia ya kurudi nyuma, yanasema kabisa, kwa sauti ya mwanamke mstaarabu ambaye hajawahi kugombana na mtu: "Attention. This vehicle is reversing." Wateja hawakuitaka. Walisema gari linalojitangaza linamtia mtu aibu mtaani. Basi Digrii alikuwa akilala chini ya usukani, anautafuta waya, anaukata. Koleo la kuchunia waya hakuwa nalo, alikuwa akichuna kwa meno, na jino lake la mbele lilikuwa limemeguka tangu siku ya mahafali, alipofungua soda kwa mdomo kuwaonyesha wasichana. Kwa hiyo kila waya aliouuma ulibaki na alama mbili na pengo katikati. Rangi alisema waya wa Digrii hauhitaji muhuri.

Lakini yadi ilikuwa na sheria, na ilikuwa moja tu: gari halinyamazishwi mpaka lifike getini, mwenyewe ameshika funguo.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa urembo. Yadi ilikuwa finyu, magari yamebanana kama meno, na nusu ya watu walikuwa wakifanya kazi chini. Miguu imetokeza huku, kichwa kimelala kule. Magari yenyewe hayana kioo nyuma, ni bati tupu; dereva anatazama vioo vya pembeni na kumwachia Mungu katikati. Aliyewalinda watu waliokuwa chini ni yule mwanamke wa Kiingereza. Akisema, kila mtu anavuta miguu yake.

Na hakuna aliyempenda kama Mama Viti.

Mama Viti alikuwa akishona viti vya magari yote. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, nyuma ya gari lolote lenye kivuli, sindano yake iliyopinda mkononi na uzi mwekundu umezunguka kidole gumba. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini ile sauti alikuwa akiijibu, kila ikisema, bila kuinua macho.

"Attention. This vehicle is reversing."

"Haya wifi, nasogea."

Na anasogea kweli, yeye na mkeka wake. Siku akiwa na furaha anaongeza la utani. "Mbona una haraka hivyo wifi, kaka yangu hajakulisha leo?" Yadi nzima inaangua kicheko. Mwanawe ndiye aliyekuwa dereva wa yadi, kijana mpole mwenye mabega mapana, na kwa jinsi alivyojua kuyarudisha nyuma magari kwenye upenyo ambao hata paka angefikiria mara mbili, walimwita Rivasi. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama anashona, mwana anarudisha, na katikati yao yule wifi wa kizungu anawapatanisha.

*

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, lenye paa refu, na ndani lina vyuma vya kushikia vya rangi ya njano. Huko kwao lilikuwa likibeba wazee wasioweza kutembea. Sauti yake ilikuwa safi kuliko zote, kama limezoea kusema na watu wenye masikio mazito.

Asubuhi hiyo Digrii alikuwa amelala chini ya usukani akifuatilia nyaya za taa. Mama Viti alikuwa ndani humo humo, akimalizia kiti cha nyuma kabisa.

"Digrii, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Huyu wifi mwenye sauti nzuri usije ukamnyamazisha mapema. Masikio yangu siku hizi ni ya kuazima. Wengine siwasikii vizuri. Huyu namsikia."

"Nitakuachia, Mama. Siikati."

"Haya, mwanangu. Nakuamini."

Hapakuwa na mtu mwingine aliyeyasikia maneno hayo. Walikuwa wawili tu, na gari.

Jua lilipopanda, simu ya Digrii ilitikisika mfukoni. Alikuwa akisubiri jibu la kazi moja tangu usaili uliomtoa soli ya kiatu. Alikuwa ameshaiota, ameshamwambia mama yake. Akafungua. We regret to inform you. Akasoma mpaka mwisho. We wish you every success. Adabu tupu! Hata tusi lina heshima kuliko adabu ya namna ile, kwa sababu anayekutukana angalau amekuona.

Wakati huohuo Rivasi alikuwa akilisogeza gari jeupe kidogo kumpisha Rangi. Likasema, pale pale sikioni kwa Digrii, kwa sauti ileile ya barua ile, taratibu, kistaarabu:

"Attention. This vehicle is reversing."

Rivasi alizima, akashuka, akaenda kunywa maji. Digrii akaingia. Hakufikiri. Alijitupa chini ya usukani, akauvuta waya, akauweka kwenye meno.

"Nyamaza na wewe."

Akauma. Akauma tena upande wa pili, akang'oa kipande chenye urefu wa kidole, asije mtu akauunganisha kirahisi. Kipande akakitupa kwenye shimo la oili chafu. Kisha akaenda kukaa juu ya tairi, akaanza kuandika majibu makali kwa watu ambao hawatayasoma.

Alikusudia kumwambia Rivasi. Hilo ndilo alilolishikilia baadaye, kama mtu aliyekamata tawi kwenye mafuriko. Nilikusudia. Nilikuwa namalizia sentensi.

Rivasi akarudi akijifuta mdomo. Akapanda. Jua lilikuwa limegeuka, kivuli kimehamia nyuma ya gari jeupe, na mkeka umehamia na kivuli. Mama Viti alikuwa ameinama, anakata uzi kwa meno. Injini ikawaka. Gia ikaingia.

Digrii aliinua kichwa.

Hakuna kilichosema.

Alikuwa na muda wa kupiga kelele. Mdogo, lakini alikuwa nao. Kinywa kilifunguka. Sauti haikuja.

Kilichosikika kilikuwa kidogo sana. Kama kiti kinachokaliwa.

*

Walimkimbiza hospitali kwenye gari la maua. Yadi nzima ilikimbia nalo, Rivasi mbele, viatu viko wapi hajui. Mama hakufika. Lakini huko nyuma, kwenye yadi tupu, mtu mmoja alikuwa amebaki. Alikuwa amelala chini ya usukani wa gari jeupe, anaunganisha waya mpya mahali pa ule wa zamani. Alifanya kazi nzuri. Pengine ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya na elimu yake.

Askari walipokuja kulikagua gari, Mjomba mwenyewe aliingiza gia.

"Attention. This vehicle is reversing."

Safi. Hata taa nyeupe za nyuma ziliwaka.

"Haikusema," Rivasi alisema. "Mimi nilikuwa ndani. Haikusema."

Askari akamtazama kama anayetafuta harufu ya pombe. Akamwambia Mjomba arudie. Likasema tena.

"Haikusema, Mjomba," Rivasi alisema. "Wallahi haikusema. Ingesema, Mama angesogea."

Askari waliandika ajali, wakaondoka. Ndugu hawakuandika kitu. Shangazi zake walimzunguka msibani na neno moja, wakilirudia mpaka likawa kama wimbo: "Mama yako mzazi! Ulikuwa na haraka ya wapi?" Rivasi aliwajibu mara ya kwanza kwamba haikusema. Mara ya pili alijibu kwa sauti ndogo. Baadaye aliacha kujibu. Digrii alikuwa amekaa palepale, mkono kwa mkono naye, bega kwa bega. Alimshikia kikombe cha maji. Alimwambia pole.

Jina la Rivasi likafa siku hiyo. Watu waliona vibaya kulitamka. Usukani hakuugusa tena. Alikuwa anakuja yadini, anatandika mkeka wa mama yake nyuma ya gari lolote lenye kivuli, anashika sindano iliyopinda asiyojua kuitumia, anajichoma vidole. 

Mteja wa gari jeupe alikataa kulichukua. Mjomba akamwita Digrii.

"Mpwa wangu, cheti chako kimeota ukungu. Chukua gari hili ukabebe watu wa kiwanda cha sabuni, asubuhi na jioni. Tumuenzi Mama Viti kwa kufanya kazi, au siyo?"

Digrii alipokea funguo kwa mikono miwili. Alishukuru. Ndivyo alivyopata ajira, yeye aliyeitafuta kwa miaka: juu ya mgongo wa mwanamke aliyemwamini.

*

Mara ya kwanza ilikuwa mchana kweupe, nje ya lango la kiwanda. Alikuwa ameshusha watu wote. Gari tupu. Alikuwa akirudi nyuma kugeuza.

"Attention. This vehicle is reversing."

Na kutoka nyuma, kwenye kiti cha mwisho, sauti ya uchovu yenye utani ndani yake:

"Haya wifi, nasogea."

Alikanyaga breki mpaka paji la uso likagonga usukani. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Viti vilikuwa vimejipanga, vyuma vya njano vinang'aa, vumbi linaelea kwenye mwanga. Ila kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kimebonyea katikati, na taratibu, huku akikitazama, kikawa kinajaa tena, kama mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Alijiambia ni uchovu. Alijiambia kwa Kiingereza, maana kuna uongo ambao kwa lugha ya mama haukai vizuri mdomoni. Just stress. Guilt, trauma, whatever. Siku iliyofuata alirudi nyuma huku ameziba masikio, akiushika usukani kwa viwiko. Akamsikia vilevile. Sauti haikuwa inapitia masikioni.

Basi akakata. Safari hii hakukata waya tu. Aling'oa spika yenyewe, kile kijungu cheusi kilichofungwa chini ya bampa, akakipeleka jalalani, akakipiga jiwe mpaka kikawa vipande. Akarudi na moyo mwepesi. Akaingiza gia ya nyuma.

Kiingereza hakikuja tena. Kimya.

Kimya.

Kisha, kutoka kiti cha nyuma: "Wifi?"

Akaitoa gia.

"Wifi, upo? Mbona husemi?"

Kuanzia hapo Digrii akawa dereva asiyerudi nyuma. Alikuwa anazunguka mtaa mzima ili atoke kwa mbele. Akipishana na lori kwenye njia nyembamba, anazima gari, anasubiri lori lirudi lenyewe, akitukanwa. Wafanyakazi wa kiwanda walimcheka. "Dereva wetu kama maisha," walisema, "kurudi nyuma hakuna." Naye alicheka nao. Alikuwa amekonda.

Kulikuwa na dada mmoja, mpakiaji wa sabuni, aliyekuwa anakaa siti ya mbele. Siku moja, watu wanashuka, alimwinamia Digrii akanong'ona, kwa heshima, kama mtu anayeulizia jambo lisilomhusu.

"Samahani, kaka. Yule mama anayeshona kule nyuma, yeye hashuki?"

Digrii hakugeuka.

"Mama gani?"

"Si yule. Kila siku tunamwacha ndani. Leo nimemwamkia. Ameniuliza kama wifi yake yuko mbele."

*

Mjomba alimwita alete gari, breki ziangaliwe. Ilikuwa adhuhuri. Yadi imejaa, jua limesimama utosini, na sehemu iliyobaki wazi ilikuwa moja, ukutani, kwenye kivuli. Haikuingilika kwa mbele.

Digrii alikaa muda mrefu, injini inanguruma. Rangi akampigia mbinja. "Weee Digrii! Unasubiri graduation?"

Akaingiza gia.

Hakuna Kiingereza. Alijua hakitakuja. Akasubiri lile swali. Halikuja. Gari likaanza kurudi, taratibu, na nyuma kimya kabisa. Pumzi ikamtoka. Amekwenda, akawaza. Amechoka kuniuliza, amekwenda. Akaachia breki zaidi. Kimya kitamu. Akaachia zaidi.

"Mwanangu."

Haikutoka kiti cha nyuma. Ilitoka begani kwake. Alisikia harufu ya uzi uliolowa mate.

"Mwanangu, mbona husemi?"

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akazima, akachomoa funguo, akashuka, akazunguka nyuma huku ameushika ubavu wa gari.

Rivasi alikuwa kwenye mkeka. Ameligeuzia gari mgongo. Bampa ilikuwa imegusa shati lake, hapo kati ya mabega, imelikunja kidogo. Alikuwa akishona kipande cha ngozi ambacho hakikuwa cha kiti chochote.

"Ndugu yangu! Kwa nini husogei?"

"Nilikuwa nasubiri iseme."

Mjomba na Rangi walifika mbio. Mjomba akaona shati, akaona bampa, akashika kichwa. Rivasi akainuka polepole. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa na kitu kibaya kuliko hasira, ulikuwa na tumaini.

"Mjomba, leo umesikia mwenyewe? Haikusema. Na Rangi umesikia. Si haikusema?"

"Haikusema," Rangi alikubali, akimtazama Digrii.

Mjomba naye akageuka. "Digrii. Imekuwaje?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Maneno yalikuwa machache, hata mtoto angeyabeba. Rivasi alikuwa anamtazama mdomoni, kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi. Digrii akavuta pumzi.

"Spika imekufa, Mjomba. Juzi tu." Akazitazama funguo. "Siku ile ilikuwa nzima."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu siku ile.

Tumaini likaondoka usoni mwa Rivasi, likaacha nyumba tupu. Akainama kuchukua mkeka wake.

Funguo zilikuwa mkononi mwa Digrii. Injini ilikuwa imezimwa. Spika ilikuwa vipande jalalani.

Na gari likasema.

Halikusema Kiingereza. Lilisema kwa sauti ya kijana, sauti ambayo kila mtu pale yadini aliijua, ya kivivu kidogo, ya mtu aliyelala chini ya usukani.

"Nitakuachia, Mama. Siikati."

Rangi alirudi nyuma hatua. Nyundo ikamponyoka fundi aliyekuwa mbali kule.

"Haya, mwanangu," ikajibu sauti ya Mama Viti, karibu, ya kawaida, kama mtu aliye chumba cha pili. "Nakuamini."

Kisha kikaja kimya kifupi. Kisha mlio mdogo sana, mkavu, wa meno yanayokutana kwenye kitu chembamba.

Kt.

"Nyamaza na wewe."

Mlio mwingine.

Kt.

Basi. Hakuna kilichofuata. Maji yalikuwa kama yanadondoka mahali, tone, tone.

"Kuna redio humo," Mjomba alinong'ona. Hakuamini mwenyewe. "Kuna mtu ameweka redio." Akapanda ndani, akaenda moja kwa moja kiti cha nyuma, kile alichokimalizia Mama Viti siku yake ya mwisho, akaingiza vidole kwenye mshono akavuta.

Hakukuwa na redio. Kulikuwa na sifongo tu. Lakini Mjomba alibaki amesimama, mshono umemning'inia mkononi, akaushusha mpaka kwenye mwanga wa mlangoni.

Haukuwa uzi. Ulikuwa waya. Umepita kwenye kila tundu, kutoka mwanzo wa kiti mpaka mwisho, kwa mkono wa Mama Viti, msalaba juu ya msalaba. Kipande chenye urefu wa kidole kilichorefuka kuliko kiti, na hakina kiungo hata kimoja. Ulikuwa unadondosha oili chafu. Ndiyo iliyokuwa ikisikika, tone, tone.

Mjomba aliufuata kwa kidole mpaka ncha. Akauinua karibu na macho. Alama mbili, na pengo katikati. Akafuata ncha ya pili. Alama mbili, na pengo katikati.

Alishuka. Akasimama mbele ya mtoto wa dada yake, akamtazama kama anayeomba akosee.

"Mpwa wangu," alisema taratibu. "Hebu cheka."

Digrii hakucheka. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe, na jua likaingia kwenye lile pengo.

Hakuna aliyempiga. Angependelea apigwe. Rivasi aliukung'uta mkeka wa mama yake, akaukunja, akauweka begani. Alipopita kando ya gari jeupe aligonga bati lake kidogo kwa kiganja, kama mtu anavyogonga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Umesikia, Mama?" alisema. "Haikusema."

*

Alasiri hiyohiyo Digrii aliyasema yote, mbele ya shangazi zake Rivasi na mbele ya askari, kwa Kiswahili kitupu. Alisema mpaka akaishiwa, na bado walikuwa wanamtazama.

Gari jeupe walilitoa betri, wakalitoa matairi, wakalisukumia ukutani. Waya Mjomba aliurudisha shimoni kwa mkono wake, akafunika shimo. Kiti alikiacha kimepasuka vilevile. Hakuna aliyetaka kukigusa, na mlango wa nyuma waliufunga kwa mnyororo.

Asubuhi Rangi alikuja mapema kuliko wengine. Mnyororo ulikuwa mahali pake. Akachungulia kwenye kioo cha mbele, akaita wenzake, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimeshonwa tena. Safari hii kwa uzi mwekundu, msalaba juu ya msalaba, kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Tundu moja lilikuwa limebaki. Sindano iliyopinda ilikuwa imeachwa hapo, imechomekwa nusu, na uzi bado unachezacheza, kama ya mtu aliyeambiwa asogee, akasogea.